Mshipa bandia wa vitanzi: swali si kama utapasuka

Mtu akiambiwa kwamba sehemu iliyovimba ya aota, mshipa mkuu wa damu utokao moyoni, imeondolewa tumboni mwa mgonjwa, na mahali pake pameshonwa bomba la kitambaa cha poliesta, swali linalomtoka kwanza huwa moja: kitambaa hicho hakitapasuka? Ni swali la haki, na jibu lake lapatikana kwa hesabu fupi.

Chukua bomba lenye kipenyo cha milimita 20, ukubwa unaofaa aota ya tumboni. Moyo unapopiga, damu husukuma ukuta wa bomba kwa shinikizo la milimita 120 za zebaki, yaani takribani kilopaskali 16. Kanuni ya Laplace yasema kwamba mvutano unaouzunguka ukuta ni shinikizo mara nusu kipenyo. Kilopaskali 16 mara milimita 10 ni nyutoni 0.16 kwa kila milimita ya urefu. Ukikata pete ya bomba hilo yenye upana wa sentimita moja, ukuta wake unabeba nyutoni 1.6 kila moyo unapopiga, sawa na kuning'iniza kitu cha gramu 160 hivi. Kwa bomba la milimita 6 linalopelekwa mguuni, mzigo huo hushuka hadi gramu 50.

Utepe wa poliesta wa upana huo hubeba mara nyingi zaidi ya hapo bila kukatika. Kitambaa kipya hakipasuliwi na shinikizo la damu, hata la mgonjwa ambaye presha yake imepanda kupita kiasi. Hata hivyo mishipa bandia ya vitanzi, yaani iliyofumwa kama soksi, imewahi kutanuka mwilini hadi ikapoteza umbo, na mingine ikaachana kwa urefu miaka mingi baada ya kushonwa. Mambo haya mawili yote ni kweli, na anayetaka kuelewa upimaji wa mishipa hii inambidi aelewe yanavyowezekana kwa pamoja.

Kufuma kwa namna mbili

Kiswahili kinatumia kitenzi kimoja, kufuma, kwa kazi mbili ambazo fundi wa vitambaa hawezi kuzichanganya. Kuna kufuma kwa mtande na mshindio: nyuzi za urefu zinakatizwa na nyuzi za upana, moja juu, moja chini, kama shuka la kitandani. Na kuna kufuma kwa vitanzi, kama soksi au sweta, ambako uzi unakunjwa kuwa kitanzi, kitanzi kinapitishwa ndani ya kitanzi kilichotangulia, na kadhalika mpaka mwisho wa kitambaa.

Tofauti hii ndiyo chanzo cha kila kitu kitakachofuata. Katika shuka, uzi umelala karibu umenyooka. Ukiuvuta, unaivuta poliesta yenyewe, na poliesta haikubali kurefuka kirahisi. Katika soksi, uzi umejikunja. Ukivuta, kitanzi kwanza hubadilisha umbo: kilichokuwa kipana kinakuwa chembamba na kirefu, uzi unateleza kutoka sehemu moja ya kitanzi kwenda nyingine, na nyuzi jirani zinasuguana. Poliesta yenyewe bado haijavutwa. Inaanza kuvutwa pale tu vitanzi vinapokuwa vimekwisha nafasi ya kujigeuza.

Mishipa bandia hutengenezwa kwa njia zote mbili. Ile ya mtande na mshindio ni migumu, haitanuki kirahisi na haipitishi damu nyingi, hivyo imezoeleka kwenye aota ya kifuani. Udhaifu wake ni kwamba ncha zikikatwa hufumuka, na mkononi mwa mpasuaji kitambaa huwa kikaidi. Ile ya vitanzi ni laini, inapokea sindano vizuri, inafuata umbo la mshipa unaoungwa nao, na matundu yake hukaribisha tishu za mwili kuingia na kushika. Humo ndani mna aina mbili tena. Ipo ambayo uzi hupita mlalo, kitanzi baada ya kitanzi, na hiyo uzi mmoja ukikatika huweza kufumuka kama soksi iliyonasa msumari. Nyingine ina nyuzi nyingi zinazoshuka kwa urefu, kila moja ikijifunga na jirani yake kwa mshazari. Hii ya pili haifumuki ovyo na haitanuki sana kama ile ya kwanza, ndiyo maana imekuwa chaguo la watengenezaji wengi.

Wazo la kuweka kitambaa mahali pa mshipa si geni. Mwaka 1952 Arthur Voorhees na wenzake wa New York walichapisha majaribio ya mabomba ya kitambaa cha Vinyon N katika mbwa. Miaka hiyohiyo ya 1950 Michael DeBakey wa Houston alikuwa akishona mabomba kwa cherehani ya nyumbani. Inasimuliwa kwamba alikwenda dukani kutafuta nailoni, ikawa imekwisha, akapewa Dacron, jina la kibiashara la poliesta. Nailoni baadaye ilionekana kupoteza nguvu upesi mwilini, ilhali poliesta ilivumilia. Hadi leo mishipa bandia mingi ya kitambaa ni ya poliesta hiyohiyo.

Kuvuta, na kujua unachovuta

Kipimo kilicho rahisi kuwaza ni cha kuvuta. Unakata kipande, unakibana kwenye mashine pande mbili, unavuta polepole huku mashine ikiandika nguvu na urefu. Kwa chuma au plastiki kazi ingeishia hapo. Kwa kitambaa cha vitanzi, ndiyo kwanza matatizo yanaanza.

La kwanza ni mwelekeo. Bomba hilohilo linatoa majibu mawili tofauti kabisa likivutwa kwa urefu na likivutwa kwa mzingo. Kwa urefu kuna jambo la ziada: mishipa hii hufinyangwa kwa joto ili iwe na mikunjo midogo ya duara, kama bomba la mashine ya kufagilia vumbi. Ukivuta kwa urefu, mikunjo hujinyoosha kwanza, kisha vitanzi, kisha uzi. Mchoro unaotoka unapanda taratibu sana mwanzoni, halafu unakwea ghafla. Anayesoma namba ya mwisho tu, nguvu ya kukatika, amesoma sehemu ya mchoro ambayo mwili wa mgonjwa hautaifikia kamwe. Kazi yote ya mshipa bandia hufanyika chini kule, kwenye mteremko wa mwanzo ambako nguvu ni ndogo na vitanzi ndivyo vinavyoamua.

La pili ni umbo la kipande. Utepe wa vitanzi ukivutwa hupungua upana katikati kama kiuno, na kingo zilizokatwa huanza kulegea kwa sababu vitanzi vya pembeni havina tena jirani wa kuvishika. Kwa hiyo kwa mzingo ni bora kuvuta pete nzima: unapitisha pini mbili ndani ya kipande kifupi cha bomba na kuzitenganisha. Hata pete si kamili, maana pale kitambaa kinapozunguka pini, msuguano hukilinda, na mzigo wote unabaki kwenye pande mbili zilizo huru. Jambo hili linaonekana dogo. Nitalirudia mbele, kwa sababu lina uzito kuliko linavyofanana.

La tatu ni unene. Wahandisi wamezoea kugawa nguvu kwa eneo ili wapate mkazo. Lakini unene wa kitambaa chenye manyoya na matundu ni upi? Ukikibonyeza kwa kipimio kizito, unapungua; ukikibonyeza kwa chepesi, unaongezeka. Kila kosa kwenye unene linakuwa kosa kwenye mkazo. Kwa maoni yangu ni uaminifu zaidi kutoa jibu kwa nyutoni kwa kila milimita ya upana, kama tulivyofanya kwenye hesabu ya mwanzo, na kuacha unene uwe kipimo kinachojitegemea chenye maelezo ya shinikizo lililotumika kuupima.

La nne mara nyingi husahaulika: kitambaa cha vitanzi kinakumbuka. Mvuto wa kwanza haufanani na wa pili, na wa pili haufanani na wa kumi, kwa sababu kila mara vitanzi vinaachiwa pale vilipotelezea na havirudi vyote. Mshipa mwilini hupigwa zaidi ya mara 70 kwa dakika, kwa hiyo mvuto wa kwanza ni jambo la sekunde moja katika maisha yake yote. Sampuli inapaswa kuvutwa na kuachiwa mara kadhaa kabla ya kuanza kuandika, tena ikiwa imelowa na katika joto la nyuzi 37, si ikiwa kavu juu ya meza.

Vipimo vya mkononi mwa mpasuaji

Shirika la Kimataifa la Viwango lina waraka wa mishipa bandia ya bomba, ISO 7198, uliotolewa mwaka 1998 na kuandikwa upya mwaka 2016. Humo mna orodha ndefu ya vipimo, na baadhi havihitaji maelezo mengi.

Uwezo wa kushika mshono hupimwa kwa kupitisha uzi wa kushonea milimita 2 kutoka ukingoni, kisha kuuvuta mpaka uzi ukatike au uchane kitambaa. Ukingo hukatwa wima na pia kwa mshazari, kwa kuwa wapasuaji hukata mshipa kwa mshazari mara kwa mara ili kuupanua mdomo wake. Kujikunja hupimwa kwa kuzungushia bomba kwenye miviringo inayozidi kuwa midogo hadi ukuta ujikunje na njia ibanwe. Mikunjo ya duara niliyoitaja ndiyo inayoliokoa bomba hapa, na ni rahisi kuona gharama yake: kadiri mikunjo inavyokuwa mingi, ndivyo urefu wa bomba unavyokuwa jambo la makubaliano, kwa sababu unategemea umelivuta kiasi gani wakati wa kulipima.

Upitishaji wa maji si kipimo cha nguvu, ila unatokana na vitanzi vilevile. Hupimwa kwa mililita za maji zinazopita kila sentimita ya mraba kwa dakika moja chini ya shinikizo la milimita 120 za zebaki. Kitambaa tupu cha vitanzi chaweza kupitisha zaidi ya mililita 1,000. Zamani mpasuaji alikiloweka kwanza kwenye damu ya mgonjwa mwenyewe ili igande na kuziba matundu. Siku hizi kiwandani hupakwa protini kama kolajeni, jelatini au albumini, ambayo mwili huiyeyusha polepole baada ya upasuaji.

Upakaji huu una mtego kwa mpimaji. Bomba lililopakwa na kukauka ni gumu. Likilowa hulainika, lakini bado sehemu ya ugumu linaouonyesha ni ya jelatini. Baada ya muda jelatini itakuwa imekwenda na kitabaki kitambaa peke yake. Namba nzuri iliyopatikana kwa bomba lililopakwa inaeleza wiki za mwanzo tu. Anayetaka kujua miaka ijayo lazima apime pia kitambaa tupu.

Kupumua pamoja na moyo

Ateri yenye afya hupanuka kidogo moyo unaposukuma na kurudi unapopumzika. Ikiungwa na bomba lisilopanuka, kwenye mshono panatokea mahali ambapo upande mmoja unacheza na mwingine umetulia. Damu inavurugika hapo, na kutofautiana huku kunahesabiwa miongoni mwa sababu za ukuta wa ndani wa mshipa kuota unene karibu na mshono hadi njia ikabanwa. Kwa mabomba mapana ya aota si jambo la kuogofya. Kwa yale ya chini ya milimita 6 ni tatizo kubwa, na hadi sasa kitambaa hakijaweza kuchukua nafasi ya vena ya mgonjwa mwenyewe katika ukubwa huo.

Uwezo huo wa kupanuka hutajwa kwa asilimia ya badiliko la nusu kipenyo kwa kila milimita 100 za zebaki. Bomba hufungwa kwenye mzunguko wa maji ya joto, pampu hulisukuma kama moyo, mara 60 hivi kwa dakika, na miali ya leza husoma kipenyo. Kwa kuwa kitambaa tupu huvuja, ndani hupitishwa mpira mwembamba kama puto, na mchango wa mpira huo hauna budi kujulikana.

Tazama ukubwa wa kinachotafutwa. Tuseme nusu kipenyo ni milimita 4.00 kwenye shinikizo la 80, na kinafika 4.03 kwenye 120. Badiliko ni asilimia 0.75 kwa milimita 40 za zebaki, yaani asilimia 1.9 hivi kwa milimita 100. Hicho ndicho kiwango kinachotarajiwa kwa poliesta. Ateri ya paja hufika karibu mara tatu ya hapo. Mpimaji anatafuta sehemu tatu tu za mia za milimita, chini ya unene wa unywele, kwenye kitu chenye manyoya kinachotikisika. Kosa dogo la kulenga leza linatosha kuligeuza bomba gumu kuwa laini kwenye karatasi.

Halafu kuna jambo ambalo meza ya maabara haiwezi kulionyesha. Bomba likishawekwa mwilini, tishu huingia kwenye matundu, zinajaza nafasi kati ya vitanzi na kuvikamata. Ulaini uliopimwa siku ya kwanza hupungua. Kipimo cha maabara, kwa hiyo, kinaeleza hali bora ambayo bomba hilo litapata kuwa nayo.

Hapa ndipo mbuni wa kitambaa anapobanwa. Akitaka bomba lipanuke na kurudi kama ateri, atalegeza vitanzi. Vitanzi vikilegea, vinapata nafasi ya kuteleza bila kurudi. Uhuru uleule unaolipa bomba ulaini ndio unaolifanya litanuke kwa kudumu.

Mpimaji asiyeweza kungoja miaka kumi

Kutanuka kwa kudumu kwa mishipa ya vitanzi kumeandikwa na wengi. Mara damu inapoachiwa, bomba linaweza kuzidi kipenyo kilichoandikwa kwenye pakiti kwa asilimia 10 hadi 20, kwa sababu tu vitanzi vinajipanga upya. Baadaye kutanuka kunaendelea polepole. Na hapo kanuni ya Laplace inarudi: nusu kipenyo kikiongezeka kwa asilimia 20, mvutano ukutani nao unaongezeka kwa asilimia 20, shinikizo likiwa lilelile. Bomba lililotanuka linabeba zaidi kuliko lilivyobeba lilipokuwa jipya.

Kwa sababu hii nakipa uzito wa kwanza kipimo ambacho hakivutii macho: bomba likiwa limejazwa, kipenyo chake kikisomwa kwenye shinikizo la kawaida, likaachwa hivyo katika joto la mwili kwa siku nyingi na kusomwa tena na tena. Kupasua bomba kwa shinikizo kubwa kunatoa namba moja ya kuridhisha. Kuliacha litulie na kulitazama likitanuka kunaeleza kile ambacho daktari atakiona kwenye picha ya mgonjwa miaka mitano baadaye.

Uchovu wa kitambaa, yaani kudhoofika kwa kupigwa tena na tena, ni sura nyingine ya jambo hilo. Moyo unaopiga mara 72 kwa dakika hupiga karibu mara milioni 38 kwa mwaka, na milioni 380 kwa miaka kumi. Hakuna maabara inayoweza kungoja kiasi hicho, kwa hiyo mashine hupiga kwa kasi. Kwa mapigo 30 kwa sekunde, miaka kumi inaingia katika miezi mitano. Lakini kitambaa kinachopigwa mara 30 kwa sekunde hakipati muda wa kurudi kabla ya pigo linalofuata, na mpimaji asipothibitisha kwamba kila pigo linakitanua sawasawa na pigo la kweli, atakuwa amepima kutetemeka tu. Tena kuna kinachokataa kuharakishwa: poliesta hushambuliwa polepole na maji yaliyomo mwilini, minyororo ya molekuli zake hukatika, na mashine ya kupiga haraka haiongezi kasi ya kemia hiyo. Miezi mitano kwenye mashine ni miaka kumi ya mapigo, na ni miezi mitano tu ya maji.

Ndiyo maana sehemu kubwa ya tunachokijua imetokana na mishipa iliyotolewa tena mwilini, kwa sababu ya hitilafu au baada ya mgonjwa kufariki. Mwaka 2001 Nabil Chakfé wa Strasbourg, Ufaransa, na wenzake walieleza mishipa ya vitanzi iliyoachana kwa urefu. Haikuwa imepasuka popote tu. Iliachana kwenye mistari maalumu. Mmoja ulikuwa mstari wa mwongozo, ule wa uzi wa rangi ambao mpasuaji hutumia kuhakikisha hajalisokota bomba anapolishona. Mwingine ulikuwa mstari wa maungio, pale mashine inapoziunganisha kuta mbili za kitambaa kuwa bomba, na ambapo mpangilio wa vitanzi haufanani na wa jirani zao.

Sasa rudi kwenye pete na pini zake. Ukivuta pete huku mstari wa mwongozo umelala juu ya pini, msuguano unaulinda, na pete itakatika penginepo kwa nguvu ya kupendeza. Ukikata utepe bila kutazama, mstari huo unaweza usiwemo kabisa. Ukisukuma ncha ya duara katikati ya kipande mpaka kipasuke, unakuwa umepima pale uliposukuma na si kwingine. Bomba zima lililojazwa hadi kupasuka lingeuona udhaifu huo, ila tu kama udhaifu umeshakuwepo siku hiyo, na huu ulikuwa unakua kwa miaka. Kwa hiyo kabla ya kubana pete, igeuze mpaka uzi wa rangi uwe kwenye upande ulio huru kati ya pini mbili. Rudia na pete nyingine, maungio yakiwa upande huru. Kisha chukua pete za tatu kutoka kwenye bomba lililokaa muda mrefu kwenye maji ya joto, uvute kwa mpangilio uleule, na uandike pamoja na nguvu mahali kila moja ilipoachia.